Mama yangu hayupo tena. Je, Siku ya Mama inanihusu?

*"Shikamoo mwalimu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka tisa, nikalelewa na mama mdogo hadi nilipoolewa. Kila Mei inapofika, simu yangu inajaa picha za watu na mama zao, nami huizima mpaka Jumatatu. Mwaka huu mwanangu wa miaka minane alikuwa anachora kadi mezani, akainua kichwa akaniuliza, 'Mama, na wewe utampa nini mama yako?' Nilikosa jibu, nikainuka nikaenda jikoni. Kaka yangu anasema sikukuu hii ni ya kipagani, ya kuabudu mungu wa kike, na nisimruhusu mtoto kushiriki. Shemeji anasema ni mbinu tu ya wauza maua na kadi. Rafiki yangu aliye Uingereza huiadhimisha Machi. Jirani yangu Mmisri naye Machi, lakini tarehe nyingine. Ipi ndiyo ya kweli, na ilianzia wapi? Na mtu asiye na mama ana nafasi gani ndani yake? Tena naogopa: nikimpa mama mdogo zawadi siku hiyo, si itakuwa kama nimemfuta mama mzazi?"*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ina maswali mengi, lakini pale ulipoinuka ukaenda jikoni ndipo nilipoona swali lenyewe. Ya upagani, ya maua na ya tarehe nitayajibu yote, maana yana majibu. Ila kwanza pokea hili: Siku ya Mama unayoiona kwenye simu yako kila Mei ilianzishwa na binti aliyefiwa na mama yake. Ibada yake ya kwanza ilikuwa kumbukumbu ya marehemu. Umekuwa ukijiona kama mtu anayechungulia karamu ya wenzake dirishani, kumbe karamu yenyewe iliandaliwa na mfiwa mwenzio.

Mama aliyekumbukwa siku ile aliitwa Ann Reeves Jarvis. Alizaliwa mwaka 1832, akaishi miaka mingi kwenye vilima vya magharibi mwa Virginia nchini Marekani, sehemu ambayo mwaka 1863 ilijitenga ikawa jimbo la West Virginia. Alizaa zaidi ya mara kumi. Waliofika utu uzima ni wanne. Surua, dondakoo na homa ya matumbo zilikuwa zinapita nyumba kwa nyumba miaka ile, na nyumba yake haikurukwa. Mwaka 1858 alianza kuwakusanya wanawake wa miji ya jirani katika vikundi, na kazi ya vikundi hivyo ilikuwa ya mikono hasa: kukagua maziwa kabla mtoto hajanyweshwa, kufundishana usafi wa nyumba, kuchangisha fedha za dawa, na kumlipa msaidizi wa nyumba pale ambapo mama alikuwa amelazwa na kifua kikuu. Vilikuja kujulikana kama vikundi vya kazi vya Siku ya Akina Mama. Miaka hamsini kabla ya kadi ya kwanza kuchapishwa, jina hilo tayari lilikuwa linatumika kwa wanawake waliokuwa wanazuia watoto wasife.

Kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaja, 1861 hadi 1865, na eneo lile likagawanyika vibaya, ndugu huku na ndugu kule. Ann aliwasihi wenzake wasiegemee upande wowote, wakawauguza askari wa majeshi yote mawili. Vita ilipokwisha chuki haikwisha nayo. Mwaka 1868 aliwaita wanajeshi wa zamani wa pande zote, pamoja na familia zao, mbele ya mahakama ya mji mdogo wa Pruntytown, katika siku aliyoiita ya urafiki wa akina mama. Kulikuwa na vitisho vya fujo. Hata hivyo mkutano ulifanyika, na watu walilia hadharani.

Miongoni mwa watoto wake wanne waliobaki alikuwepo Anna, aliyezaliwa mwaka 1864. Anna alisimulia kwamba mwaka 1876, akiwa na miaka 12, alimsikia mama yake akimaliza somo la watoto kanisani kwa sala: kwamba siku moja mtu fulani aanzishe siku ya kumkumbuka mama. Mtoto aliisikia sala ile akaiweka. Mama alifariki tarehe 9 Mei 1905, na wale waliokuwepo mazishini walisema Anna aliapa pale kaburini kwamba huyo mtu atakuwa yeye.

Tarehe 10 Mei 1908, Jumapili, watu walikusanyika katika kanisa la Kimethodisti la Andrews mjini Grafton, kanisa ambalo Ann alifundisha watoto kwa zaidi ya miaka ishirini. Anna mwenyewe alikuwa Philadelphia, kwenye mkusanyiko mwingine wa siku hiyohiyo, lakini alituma Grafton maua 500 meupe ya karnesheni, ua ambalo mama yake alilipenda kuliko yote. Kama hujawahi kulishika mkononi, ni ua la petali nyingi zilizobanana, kingo zake zimechanika-chanika kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi wa meno. Ukiliacha kwenye chombo mpaka life, halimwagi petali mezani kama waridi. Linazikunja, linazikumbatia ndani, linakauka nazo. Miaka mingi baadaye Anna alieleza kwamba ndiyo sababu ya kulichagua: mama naye huwakumbatia watoto wake moyoni, na upendo wake haufi. Nimekuandikia hili kwa kirefu kwa sababu wewe ndiye mwenye haki ya kwanza ya kulisikia. Alama ya kwanza ya sikukuu hii ilikuwa ua jeupe la mama aliyekwishakufa.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka huohuo wa 1908 pendekezo lilifikishwa Seneti ya Marekani, likakataliwa kwa kejeli. Waliuliza kama na mama mkwe atatengewa siku yake. Anna hakuchoka. Aliandika barua kwa maelfu, kwa magavana, wahariri, wachungaji na matajiri. West Virginia iliitambua siku hiyo rasmi mwaka 1910, na tarehe 9 Mei 1914, miaka tisa kamili baada ya kifo cha Ann, Rais Woodrow Wilson alitoa tangazo kwamba Jumapili ya pili ya Mei ni Siku ya Mama kwa taifa zima. Basi sababu ya Mei ni hiyo: kifo cha mama mmoja, kwenye tarehe moja, ikasogezwa kwenye Jumapili iliyo karibu nayo.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo Anna alilipigania, nalo ni gumu kulieleza kwa lugha nyingine lakini kwetu ni jepesi. Alitaka jina liandikwe kwa umoja. Sisi tunaisikia tofauti hiyo papo hapo: "Siku ya Mama" siyo "Siku ya Akina Mama". Aliona kwamba ukisema akina mama umewapigia makofi wanawake wote kwa ujumla, hotuba ikaisha, watu wakarudi nyumbani. Yeye alitaka kila mtu arudi kwa mmoja, yule aliyemlea yeye.

Sasa shemeji yako. Ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzito. Wauza maua, wauza peremende na wachapa kadi waliiona fursa mapema sana. Bei ya karnesheni ilipanda kila Mei. Nyeupe zilipoadimika, wauza maua wakaeneza desturi ya rangi mbili: nyekundu au waridi kwa aliye na mama hai, nyeupe kwa aliyefiwa. Lakini anayesema wafanyabiashara ndio walioitunga amemsahau aliyepigana nao. Anna Jarvis ndiye aliyekuwa adui yao mkubwa. Mwaka 1923 alivamia mkutano wa watengeneza peremende mjini Philadelphia kuupinga. Mwaka 1925 alikamatwa na polisi katika mkutano wa chama cha mama za wanajeshi waliokwenda vitani, waliokuwa wanauza karnesheni kuchangisha fedha. Kadi ya kuchapwa aliichukia. Alisema maana yake ni kwamba umeshindwa hata kumwandikia barua mwanamke aliyekufanyia mengi kuliko mtu yeyote duniani. Ilifika mahali akaanza kukusanya saini ili sikukuu aliyoianzisha ifutwe. Alitumia mali yake yote kwenye mapambano hayo, akafariki tarehe 24 Novemba 1948 katika nyumba ya wagonjwa huko Pennsylvania, maskini na kipofu. Hakuwahi kuwa na mtoto. Akazikwa karibu na mama yake.

Mimi simuoni kama mtu aliyeshindwa. Kila mtu anayelalamika leo kwamba siku hii imegeuzwa duka, anarudia maneno yake, mara nyingi bila kumjua. Kwa hiyo ukiamua kuiadhimisha bila kununua chochote, usijione umeipunja. Umeirudisha kwa mwenyewe.

Kaka yako naye. Hofu yake ni ya mtu anayelinda imani ya nyumba, na sitaidharau. Alilolisikia lina asili: Wagiriki na Warumi wa kale walikuwa na ibada za mungu wa kike aliyeitwa Cybele, mama mkuu wa miungu. Mwaka 204 kabla ya Kristo Warumi walileta jiwe lake takatifu kutoka Asia Ndogo, na sherehe zake zilifanyika Machi na Aprili. Walikuwa pia na Matronalia, tarehe 1 Machi, siku ambayo wanawake walioolewa walipewa zawadi na waume zao. Waandishi wengi huziweka sherehe hizo mwanzoni mwa makala zao, halafu wanaruka miaka elfu mbili mpaka Marekani, na msomaji anabaki na picha ya kamba moja isiyokatika. Hakuna kamba hiyo. Historia ya Siku ya Mama ya Mei tunayo kwa majina, barua na tarehe, na inaanzia kwenye somo la Biblia la watoto wa Kimethodisti. Vitu viwili vikifanana haina maana kimoja kimemzaa mwenzake. Binadamu wote wana mama, na si ajabu wawatengee siku mahali pengi bila kuigana.

Hata hivyo, "si ya kipagani" na "dini yangu inairuhusu" ni mambo mawili, na mimi najibu la kwanza tu. Katika Uislamu wapo wanazuoni wanaokataa kabisa kuongeza sikukuu zaidi ya Idi mbili, na wapo, kama taasisi ya fatwa ya Misri, wanaoiona kama desturi ya kijamii ya kuwatendea wema wazazi, isiyo ibada. Pande zote mbili zinakubaliana juu ya hadithi ile ya mtu aliyeuliza ni nani anayestahili zaidi usuhuba wake mwema, akajibiwa mama yako mara tatu kabla ya kutajwa baba. Katika Ukristo nako kuna makanisa yanayoitangaza madhabahuni na mengine yasiyoitaja. Kama jambo hili linawagawa wewe na kaka yako, nendeni wote wawili kwa sheikh, padri au mchungaji mnayemwamini, mkae naye ana kwa ana. Mkilijadili kwenye kundi la familia la simu mtatukanana.

Tukija kwenye tarehe, swali la ipi ni ya kweli linadhani kuna sikukuu moja iliyopotoshwa. Ziko nyingi, na nyingine hazina hata undugu.

Ya rafiki yako wa Uingereza ni kongwe kuliko ya Marekani, na haikuanza kwa ajili ya mama wa nyumbani hata kidogo. Ni Jumapili ya nne ya Kwaresima, wiki tatu kamili kabla ya Pasaka, ndiyo maana inahama kila mwaka. Somo la siku hiyo kanisani lilitoka Wagalatia sura ya 4, pale panaposemwa kwamba Yerusalemu wa juu ndiye mama yetu. Watu wakawa wanakwenda siku hiyo kwenye kanisa mama, lile kanisa kuu la eneo lao au walilobatiziwa. Baadaye ikawa ndiyo siku ambayo wasichana na wavulana waliotumwa mbali kufanya kazi za ndani waliruhusiwa kwenda nyumbani. Hebu mfikirie binti wa miaka 12 au 13 aliyetoka kwao mwaka mzima, anatembea barabara ya mashambani, anachuma maua ya urujuani pembeni mwa njia ili asifike mikono mitupu. Wengine walibeba keki ya simnel, keki ya matunda makavu yenye tabaka la lozi zilizosagwa na sukari. Siku hizi huwekwa juu yake vidonge 11 vya lozi hizohizo, kwa mitume wote isipokuwa Yuda.

Desturi hiyo ilikuwa imekaribia kufa karne ya 20 ilipoanza. Aliyeifufua ni Constance Penswick Smith wa Nottingham, binti wa kasisi. Mwaka 1913 alisoma habari za kampeni ya Anna Jarvis, akaona kwao kulikuwa tayari na kitu cha namna hiyo chenye mizizi ya kanisa, akatumia maisha yake yote kukitetea. Yeye pia hakuwa na mtoto. Nalisema hili kwa makusudi: wanawake wawili waliotuachia siku hizi mbili hawakuwa akina mama. Walikuwa mabinti.

Ya jirani yako Mmisri ni ya waandishi wa habari, ndugu pacha Mustafa na Ali Amin. Walipata malalamiko ya mama aliyejinyima kila kitu kumlea mwanawe, na mwana alipokwisha kusimama akamwacha. Ali akauliza wasomaji katika safu yake: kwa nini tusiwe na siku moja ya kumwambia mama asante? Barua zikamiminika, ikachaguliwa tarehe 21 Machi, mwanzo wa majira ya kuchipua, na mwaka 1956 Misri ikaadhimisha ya kwanza. Nchi nyingi za Kiarabu zikafuata.

Zipo nyingine nyingi. Thailand ni tarehe 12 Agosti, siku ya kuzaliwa ya Malkia Sirikit, na ua lake ni yasmini. Indonesia ni tarehe 22 Desemba, kwa sababu siku hiyo mwaka 1928 wanawake walifungua mkutano wao wa kwanza wa kitaifa mjini Yogyakarta; asili yake ni ya kisiasa kuliko ya nyumbani. Bolivia ni tarehe 27 Mei, kukumbuka wanawake wa Cochabamba waliouawa mwaka 1812 wakiulinda mji wao dhidi ya jeshi la Wahispania. Na tusichanganye na tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, iliyotokana na harakati za wafanyakazi na haki ya kupiga kura. Hata lile jina "Siku ya Mama Duniani" linalosambazwa kila Mei linapotosha: Umoja wa Mataifa una Siku ya Familia, 15 Mei, na Siku ya Wazazi, 1 Juni. Jumapili ya pili ya Mei haimo.

Nisikufiche kwamba siku hizi zimewahi kutumiwa vibaya. Nchini Mexico gazeti la Excélsior lilianzisha sherehe ya 10 Mei mwaka 1922, wakati wanawake wa Yucatán walikuwa wanasambaza maarifa ya uzazi wa mpango, na lengo mojawapo lilikuwa kuwajibu hao kwa kumtukuza mama wa watoto wengi. Ujerumani ya Hitler ilikwenda mbali zaidi: ikatoa misalaba ya heshima kwa akina mama, shaba kwa watoto wanne, fedha kwa sita, dhahabu kwa wanane, na wasio wa "damu" iliyotakiwa wakanyimwa. Serikali au gazeti likianza kumsifu mama kwa kelele, ni vizuri kuuliza linamtaka afanye nini.

Sasa turudi kwako. Kuna desturi mbili ambazo ningependa uzijue, na sikuchagua mbili hizi kwa bahati.

Ya kwanza ni ya Nepal. Huko siku ya mama huangukia siku ambayo mwezi hauonekani angani, katika mwezi wao wa Baisakh, kwa kawaida Aprili au Mei. Wenye mama hai humpelekea vyakula na vitamu na kuinama kupokea baraka. Waliofiwa hawabaki nyumbani na kuzima taa. Huenda kwenye bwawa la Mata Tirtha, pembezoni mwa bonde la Kathmandu, wakaoga na kutoa sadaka kwa ajili ya mama zao. Hekaya yao inasimulia kwamba mchunga ng'ombe mmoja aliyefiwa aliketi kando ya bwawa hilo kula, makombo yakaanguka majini, akatazama, akauona uso wa mama yake unayapokea. Sikuambii utafute bwawa. Nakuambia kwamba kuna watu ambao kalenda yao ina mlango wa wafiwa siku hiyohiyo, na hakuna anayewaona wameharibu sherehe.

Ya pili ni ya Serbia. Jumapili mbili kabla ya Krismasi ya Kiorthodoksi, watoto humnyatia mama asubuhi wakamfunga miguu kwa kamba au utepe. Mama hujikomboa kwa kuwapa zawadi alizozificha. Zawadi zinatoka kwa mama kwenda kwa watoto! Wiki moja kabla yake, watoto ndio wanaofungwa. Wiki moja baadaye, akina baba. Mwanao wa miaka minane angeipenda. Ninachotaka ukione humo ni kwamba hakuna mtindo mmoja mtakatifu wa siku hii. Mahali pamoja ni ua, pengine ni keki, pengine kamba miguuni.

Kuhusu mama mdogo, hofu yako naielewa, lakini sikubaliani nayo. Lugha yetu ilikwisha kulijibu jambo hili kabla yangu na wewe. Dada yake mama hatukumpa jina la mbali. Tulimwita mama, tukaongeza tu udogo wake kwa umri. Mtoto akifiwa, yule hapandishwi cheo kuwa mama. Alikuwa mama tangu mwanzo. Zaidi ya hayo, yeye naye alifiwa. Wewe ulipopoteza mama, yeye alipoteza dada, na akakulea huku ana msiba wake. Yawezekana kila Mei naye anazima simu chumbani kwake, akidhani ukimpigia utaumia. Nimekuwa nikiwasikiliza watu wakizungumza juu ya sikukuu za familia kwa miaka mingi, na hili hujirudia: wawili wanamlilia mtu mmoja, kila mmoja ananyamaza kumlinda mwenzake.

Una njia kadhaa, na hakuna iliyo ya lazima. Unaweza kuendelea kuzima simu. Siku ya watu wote haikudai chochote, na kujikinga na picha kwa siku mbili si dhambi wala udhaifu. Tatizo lake ni kwamba mwanao sasa ameshauliza, na ukimya wako atautafsiri mwenyewe. Unaweza kugawa siku mbili: Mei kwa mama mdogo, na tarehe aliyofariki mama yako kwa ajili yake. Familia nyingi hupata nafuu hapo, maana Anna mwenyewe aliichagua siku kwa kufuata tarehe ya kifo, na wewe una tarehe yako. Au unaweza kuziweka zote siku moja, wewe, mama mdogo na mtoto, mkamzungumza marehemu kwa jina. Hii ndiyo ningeichagua mimi, lakini ndiyo inayouma zaidi mwanzoni, na usiianze kwenye mwaka ambao una mzigo mwingine.

Tarehe zina nguvu yake. Mwili huzikumbuka: wiki ile ikikaribia, usingizi unapungua, hasira inakuwa karibu, machozi yanakuja bila kuitwa, hata miaka ishirini baadaye. Hayo ni ya kawaida na hupita siku zikipita. Lakini kama huzuni haiondoki Mei ikiisha, ikakunyima usingizi au chakula kwa majuma, ukashindwa kazi au kumhudumia mtoto, au ukajiona huwezi hata kutaja jina la mama yako, tafuta mshauri nasaha au daktari, ukae naye uso kwa uso. Watoto waliofiwa wadogo mara nyingi hawakupewa nafasi ya kulia wakati ule, na kilio huja baadaye, wanapokuwa wazazi. Na ikitokea mawazo ya kwamba heri usingekuwepo, usisubiri miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe siku hiyohiyo na uende hospitali.

Swali la mtoto bado liko mezani. Mpe jibu fupi na la kweli: mama yangu alikufa nilipokuwa na mwaka mmoja tu zaidi yako, aliitwa fulani, na siku hii huwa namkumbuka. Kisha mwambie kitu kimoja tu ambacho mikono yake ilikuwa inafanya, jinsi alivyokufunga kanga, au alivyokuchana nywele, chochote ambacho bado unacho. Mtoto wa umri ule anaweza kukipokea. Ninachokijua ni kwamba atauliza swali la pili, na la pili ni jepesi kuliko la kwanza. Akitaka kuchora kadi ya bibi asiyemjua, mwache achore.

Na mama mdogo mwandikie barua, ya mkono, kwenye karatasi ya kawaida. Usianze na asante kwa yote. Hilo anaweza kulisoma kwenye kadi ya dukani. Anza na siku moja unayoikumbuka na ambayo yeye anadhani umeisahau.